Handaki si Gereza: Uhakiki wa Istilahi za Michezo ya Chini ya Ardhi

Wapo wasomaji watakaoshangaa kuona kurasa hizi, ambazo zimezoea kujadili istilahi za sheria, za utawala na za sayansi, zikitoa nafasi kwa michezo ya simu. Mshangao huo hauna msingi. Lugha haikui ofisini na darasani tu. Hukua pia mahali ambapo watu hujipumzisha, na huko pengine hukua kwa kasi zaidi kwa kuwa hakuna anayeisimamia. Mlinda mlango, mpira wa kona na kuotea ni istilahi ambazo leo kila mtu anazitumia bila kusita, na hakuna anayeuliza kama mpira wa miguu ulistahili kushughulikiwa. Basi na michezo ya simu nayo inastahili, maana vijana wetu wanaicheza kila siku, na wanapoicheza husoma. Swali ni kwamba wanasoma nini, na kwa lugha gani.

Makala haya yanahakiki orodha fupi ya istilahi ambayo mwandishi mwenyewe, akisaidiwa na walimu wenzake wawili, aliitayarisha kwa ajili ya aina moja ya michezo hiyo. Orodha ilitungwa mezani, kwa kamusi. Kisha ilipelekwa Kilosa na Mikumi ikajaribiwe kwa wachezaji wenyewe, na huko sehemu yake kubwa ikaanguka. Inafaa kueleza ilivyoanguka, kwani makosa yaliyomo si ya michezo peke yake. Ni makosa ambayo wafasiri tunayafanya pia katika hati nzito zaidi.

Kwanza yafaa kuieleza michezo yenyewe. Mchezaji humwongoza shujaa mmoja, au kikosi kidogo cha mashujaa, katika vyumba na mapito yaliyo chini ya ardhi. Hupita chumba baada ya chumba gizani, hupigana na viumbe vya kutisha, huokota silaha, dawa na maandishi ya kale, na hutafuta ngazi ya kumfikisha sehemu inayofuata. Mmoja wa michezo iliyoweka msingi ni Rogue, uliotungwa mwaka 1980 na Michael Toy na Glenn Wichman walipokuwa wanafunzi wa chuo kikuu huko California. Haukuwa na picha. Shujaa alikuwa alama moja tu kwenye kioo cha kompyuta, na kila dubwana lilikuwa herufi. Lakini ulikuwa na mambo mawili ambayo yamedumu hadi leo: ramani yake hupangwa upya kwa nasibu kila mchezo unapoanza, na shujaa akifa safari yake imekwisha, hakuna kurudia pale alipofia. Kutoka hapo ikazaliwa jamii kubwa ya michezo, ikiwemo Darkest Dungeon wa mwaka 2016, Hades wa mwaka 2020 na Diablo IV wa mwaka 2023.

Mingi ya michezo hiyo inahitaji mashine za bei kubwa. Lakini upo mmoja ambao unatosha kwenye simu ya kawaida, nao ni Shattered Pixel Dungeon, uliotokana na mchezo wa Pixel Dungeon uliotungwa na Oleg Dolya mwaka 2012. Hautozwi fedha kwenye simu za Android, hauhitaji mtandao ukishapakuliwa, na programu yake iko wazi kwa yeyote atakaye kuisoma au kuibadili. Tafsiri zake katika lugha mbalimbali zimefanywa na watu wanaojitolea. Kwa sababu hizo ndio tulioutumia kuwa mfano. Una matabaka 26, yamegawanywa katika sehemu tano kuu: mitaro ya majitaka iliyo chini ya mji, kisha gereza, kisha mapango, kisha mji ulioachwa wa watu wa chini, na mwisho kumbi za mashetani.

Msomaji na aikumbuke sehemu ya pili katika hizo, kwani ndiyo iliyotufedhehesha.

Gereza ndani ya gereza

Neno la kwanza kwenye orodha lilikuwa lile linaloipa michezo hii jina lake, "dungeon". Tukalifasiri kwa maana yake inayojulikana, yaani chumba cha kufungia watu chini ya ngome, tukaandika "gereza". Ilipofika zamu ya kuandika majina ya sehemu za mchezo, tukajikuta tunaeleza kwamba shujaa anaingia katika gereza, anapita mitaro ya majitaka ya gereza, na akifika tabaka la sita anaingia katika gereza. Tulijaribu kuokoa hali kwa kuandika "gereza kuu" na "gereza dogo", jambo ambalo lilizidisha vurugu, kwani sasa ilionekana kuna mkuu wa magereza.

Kosa letu lilikuwa kufasiri asili ya neno badala ya kitu kinachotajwa. Hata hao wenye neno hawakuifuata asili yake. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, ambao "donjon" kwao ni mnara mkuu wa ngome, yaani sehemu iliyo juu kuliko zote. Neno lilishuka kutoka mnarani likawa shimo la wafungwa, na wachezaji wakalichukua tena kuwa mahali popote penye vyumba na mapito ya hatari. Hakuna mfungwa anayetajwa humo kwa lazima. Ikiwa lugha iliyolizaa imelibeba umbali huo wote, hatuna sababu sisi ya kulirudisha kifungoni.

Tulikaa na vijana wa bodaboda karibu na stesheni ya Kilosa, wakisubiri abiria. Mmoja alikuwa akiucheza mchezo huo kwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe hakikuwa kingi. Baada ya salamu tukamwuliza shujaa wake yuko wapi.

"Yuko handakini, mwalimu."

Tukataka kujua kwa nini handakini.

"Si kama yale ya treni? Unaingia, giza, hujui utakachokutana nacho mbele."

Jibu hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Kizazi kilichokuwa na akili zake wakati wa vita vya Kagera, mwaka 1978 hadi 1979, kinalijua handaki kuwa ni mfereji uliochimbwa ardhini ili watu wajifiche wasidhuriwe na adui. Hiyo ndiyo maana tuliyozoea. Lakini reli ya kisasa ilipojengwa kutoka Morogoro kuelekea Dodoma, vilima vya Kilosa vilitobolewa ili njia ipite, na watu, magazeti na watumishi wa reli kwa pamoja wakayaita matundu hayo mahandaki. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inawapitisha abiria humo. Hivyo handaki limekwisha kuhama kutoka mfereji ulio wazi juu hadi njia iliyofunikwa ndani ya mlima, na halikuhamishwa na kamati. Kijana wa Kilosa alilisogeza hatua moja zaidi.

Tuliyapima maneno mengine pia. "Pango" linaonekana zuri, lakini pango ni kazi ya maumbile, na katika mchezo huu mapango ni sehemu ya tatu tu. Tungeangukia kosa lile lile la gereza ndani ya gereza. "Shimo" lina mdomo mmoja na halina vyumba. "Kuzimu" ni makazi ya wafu, na si kila mchezo unahusu wafu. Handaki lina upungufu wake: kwa kawaida ni njia, wala si jengo lenye vyumba. Lakini limechimbwa na mtu, liko chini ya ardhi, lina giza, mtu huingia akitarajia kutokea. Likitumiwa kwa wingi, "mahandaki", linatosha kubeba maana ya vyumba vingi vilivyoungana. Tunalipendekeza.

Kutambaa, kushuka au kupenya

Jina kamili la aina hii ya michezo kwa Kiingereza lina kitenzi cha kutambaa ndani yake, nasi orodhani tuliandika "mchezo wa kutambaa gerezani". Tulipoisoma Kilosa, vijana walicheka mpaka abiria wakageuka kututazama.

Hapa tujihadhari. Kicheko si hoja. Wengi walilicheka neno kishikwambi lilipoanza kusikika, lakini baada ya Sensa ya mwaka 2022, iliyofanywa kwa vyombo hivyo, na baada ya vyombo hivyo kugawiwa walimu, neno limeenea hata katika shule za vijijini. Neno jipya lina haki ya kuchekwa kwa muda. Kinachopaswa kutushtua ni neno linaloeleweka vibaya, na "kutambaa" lilieleweka vibaya: mmoja aliuliza kama shujaa ni mtoto mchanga, mwingine kama ni nyoka.

Wenyewe walisema "kushuka". Nasi tulikuwa tayari kulikubali, kwa kuwa katika Shattered Pixel Dungeon shujaa hushuka kweli kweli, tabaka baada ya tabaka. Lakini istilahi ya aina nzima ya michezo haiwezi kusimama juu ya mfano mmoja. Katika Hades shujaa ni mwana wa mtawala wa kuzimu, na safari yake yote ni kupanda ili atoke juu duniani. Mchezo huo ukiitwa wa kushuka, jina litakuwa linakana kitendo. Hivyo tumechukua kitenzi "kupenya", ambacho hakijali mwelekeo: hupenya anayeshuka, hupenya anayepanda, na hupenya treni mlimani. "Mchezo wa kupenya mahandaki" ndilo pendekezo letu, na mchezaji wake ni "mpenya mahandaki".

Dawa ya moto

Kosa la tatu ndilo zito kuliko yote. Katika mchezo huu shujaa huokota chupa za rangi mbalimbali asizozijua. Akizijua, kila moja hupata jina lake. Ipo chupa ambayo ikivunjika au ikinywewa huwasha moto pale pale. Orodha yetu iliita "dawa ya moto". Ipo nyingine inayotoa hewa ya sumu. Tuliita "dawa ya sumu".

Orodha hiyo tulikwenda nayo Mikumi, mji ulioko kusini katika wilaya hiyo hiyo ya Kilosa, ambapo malori ya barabara kuu iendayo Zambia husimama na ambapo madereva na mautingo hupata muda wa kupumzika. Tulimwuliza utingo mmoja, ambaye alikuwa mchezaji hodari: shujaa wako anaungua, hakuna maji karibu, mkobani una dawa ya moto na dawa ya usingizi, utafanya nini? Akajibu bila kufikiri kwamba atainywa dawa ya moto upesi ili moto uzimike. Na akiwa amevuta hewa ya sumu? Atakunywa dawa ya sumu.

Kwa majibu hayo shujaa amekufa mara mbili. Lakini utingo hakukosea. Tuliokosea ni sisi. Katika Kiswahili, dawa ya homa huondoa homa, dawa ya mbu hufukuza mbu, dawa ya kupe inayotiwa katika josho huua kupe. Neno linalofuata "dawa ya" mara nyingi hutaja adui wa dawa. Wahenga waliposema dawa ya moto ni moto walikusudia kitu cha kuuzima, na ladha ya methali iko hapo hapo, kwamba kizimacho kimefanana na kizimwacho. Sisi tuliondoa neno la Kiingereza la kuunganisha, tukaweka "ya" mahali pake, tukadhani kazi imekwisha. "Ya" hiyo ilikuwa na mazoea yake ya siku nyingi, nayo ikageuza maana kichwa chini miguu juu.

Tiba yake ni kukitaja kitendo. "Dawa iwashayo moto" na "dawa itoayo sumu" haziwezi kumpoteza mtu. Umbo hili fupi la kirejeshi lisilo na alama ya wakati linapungua katika maandishi ya siku hizi, lakini kwa majina ya vitu linafaa sana. "Dawa ya" ibakizwe kwa vitu vinavyoponya au vinavyozuia.

Watumishi wa kilimo, mifugo na afya na walitazame jambo hili kwa makini. Mchezoni, aliyekufa ni shujaa wa rangi, na mchezaji ataanza upya. Kilosa ni wilaya ya wakulima na wafugaji, na chupa za dawa zimejaa katika nyumba zao, nyingi zikiwa na maelezo yaliyofasiriwa. Anayefasiri kibandiko cha chupa kwa kubadilisha maneno mamoja mamoja, kama tulivyofanya sisi, anaandika kwa ajili ya mtu ambaye hana safari ya pili.

Neno moja, mambo mawili

Kwa Kiingereza, neno lile lile hutaja sehemu ya mahandaki ambayo shujaa amefikia na pia kiwango cha nguvu alizojipatia. Wachezaji wetu wamelitohoa kuwa "levo" na wanalitumia kwa mambo yote mawili. Tulimsikia mmoja akisema kwamba yuko levo ya kumi na levo ya nane, na mwenzake akalazimika kuuliza ipi ni ipi.

Hapa Kiswahili kina utajiri ambao Kiingereza hakina, na ni uvivu kuuacha. Sehemu ya mahandaki tunapendekeza iitwe "tabaka". "Ghorofa" haifai, kwani ghorofa huhesabiwa kwenda juu, na hapa hesabu inakwenda chini. Kiwango cha shujaa kiitwe "daraja", kama mwalimu asemavyo mwanafunzi amefaulu kwa daraja la kwanza. Ni kweli daraja ni pia kivuko, na katika mapango ya mchezo vivuko vipo. Lakini "kuvuka daraja" na "kupanda daraja" vitenzi vyenyewe vinatofautisha. Basi mchezaji atasema yuko tabaka la kumi akiwa na daraja la nane, na hakuna atakayemwuliza.

Kwa maandishi ya kale ambayo shujaa huyafungua na kuyasoma, tunalo tayari neno "gombo", linalojulikana na wasomaji wa Biblia. Tulikuwa tumeandika "karatasi iliyoviringishwa". Tunaifuta.

Watu wa chini

Sehemu ya nne ya mchezo ni mji wa viumbe wafupi ambao hadithi za Ulaya ya kaskazini huwasimulia kuwa wachimbaji na wafua vyuma stadi. Orodha yetu iliandika "mji wa mbilikimo". Mwalimu mmoja wa Mikumi alitusimamisha. Alisema kwamba mbilikimo ni jina ambalo watu walio hai wameitwa kwa kudharauliwa, hasa watu wa misitu ya Kongo na nchi jirani, na kwamba katika mchezo huu viumbe hao huuawa kwa makumi. Je, tunataka mtoto ajifunze jina hilo kwa kulifyeka?

Hatukuwa na jibu. "Kibete" nalo linawaumiza watu tunaoishi nao. Tumechagua kuwataja kwa kazi yao: "wahunzi wa chini", na mji wao "mji wa wahunzi". Msomaji aweza kusema kuwa tumeacha ufupi wao. Tumeuacha kwa makusudi, picha inauonyesha.

Neno "bosi", kwa dubwana kuu linalomzuia shujaa mwishoni mwa kila sehemu, tunaliacha lilivyo. Limo katika Kiswahili siku nyingi, wachezaji wote wanalitumia, na watumishi wenzetu hawatahitaji kuelezwa maana ya mtu anayesimama mlangoni ambaye bila kumalizana naye hakuna kupita.

Funzo la Mikumi

Mikumi ina funzo jingine kwa mfasiri. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, inapitiwa katikati na barabara kuu, na wasafiri huwaona tembo na twiga wakiwa ndani ya basi. Katika sheria za uhifadhi zilizorithiwa kwa Kiingereza, neno linalotaja wanyama wa kuwindwa ni lile lile linalotaja michezo. Wafasiri waliotutangulia hawakuandika "akiba ya michezo". Waliandika "pori la akiba", na kwa eneo la ulinzi wa kadiri wakaandika "pori tengefu". Neno la wanyama halimo kabisa, wala halikosekani, kwa sababu walitazama mahali penyewe na kuuliza ni nini na pametengwa kwa kazi gani. Istilahi hizo zimeingia katika sheria na katika vinywa vya wanavijiji.

Njia hiyo ndiyo tunayoipendekeza kwa orodha mpya. Kwanza mfasiri aucheze mchezo, au amtazame anayeucheza, kabla ya kufungua kamusi. Pili, kila istilahi isomwe kwa mtu asiyeiona picha, kisha aulizwe atafanya nini, wala asiulizwe kama anaipenda. Tatu, penye neno ambalo watu wamekwisha kulisogeza wenyewe, kama handaki, tulifuate kabla ya kuunda jingine.

Orodha iliyorekebishwa haijakamilika. Bado hatujapata istilahi fupi ya kifo kisicho na marejeo, ambacho ndicho kiini cha michezo hii. "Kufa moja kwa moja" ni maelezo, si istilahi. Walimu walio karibu na wachezaji, ndani ya Kilosa na kwingineko, wanaombwa wasikilize vijana husemaje shujaa wao anapofia tabaka la mwisho, na watuandikie.